Diploma ya politiki haiko ya kutundika ukutani

Wananchi wa Likasi, bandugu wanafunzi,

Kila mwaka bazazi wa Kikula, Panda na Shituru wanauza makala na unga wa muhindi ili mtoto alipe minervali. Mtoto anasoma uhusiano wa kimataifa. Akimaliza, wanamwambia angojee kazi ya ubalozi kule Kinshasa. Anangoja. Miaka inapita. Siye tunasema: udanganyifu huu uishe.

Ubaya hauko kwa somo lenyewe. Uko kwa namna linavyofundishwa: nunua silabusi, ikariri, rudisha maneno ya profesa siku ya mtihani. Mwanafunzi anakueleza mikataba ya Westphalia ya 1648 bila kukosea. Umuulize Shinkolobwe, ananyamaza. Na Shinkolobwe iko hapa karibu! Urani ya pale iliingia katika bomu la Hiroshima, 6 Agosti 1945. Septemba 1961, mji huu ukiitwa bado Jadotville, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa na jeshi la Katanga mpaka wakajisalimisha. Politiki ya kimataifa ilipita mbele ya milango ya babu zetu, na sisi tunaisoma kama hadithi ya Ulaya.

Na kulinganisha? Haya, tulinganishe. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 175, inaipa mikoa 40% ya mapato ya taifa, ikatwe palepale yanapokusanywa. Katiba ya Kenya ya 2010 iliahidi kaunti 15% tu, isipungue hapo. Kwa karatasi, siye ni matajiri. Lakini tangu 2013 Wakenya wanachagua magavana wao wenyewe, na kila mwaka mgawo wa kaunti unajadiliwa hadharani bungeni. Kenya haiko paradizo: pesa zinachelewa, na Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga muswada wa fedha. Ila mwananchi anajua nani wa kumuuliza. Kwetu gavana anachaguliwa na wabunge wa mkoa, na meya anateuliwa. Njo maana ahadi kubwa inabaki kwa karatasi. Hili ndilo somo, na halihitaji ubalozi.

Watasema: "Politiki muachie bakubwa, nyinyi someni." Neno hilo tunalijua. Usiku wa kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi ya Lubumbashi. Walioagiza vile walijua vizuri kwamba mwanafunzi mwenye kuuliza ana nguvu.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kazi ya kumaliza masomo ichunguze jambo la hapa, ilinganishwe na Kitwe, Kisumu au kwingine.
2. Itetewe mbele ya wananchi, na ufupisho wake uandikwe kwa Kiswahili.
3. Mtu asikatwe pointi kwa sababu hakununua silabusi.

Na wewe mwanafunzi, usingoje profesa. Sheria ya madini ya 2018 inasema 15% ya redevansi ya madini iende kwa utawala wa mahali yanapochimbwa. Chukua daftari, nenda ofisi ya meya na ya komini, uliza: zimeingia ngapi, zimefanya nini? Wakikufukuza, andika tarehe na saa, urudi kesho na wenzako watano.

Huo ndio mtihani wenye hauna silabusi ya kununua.

Imetolewa Likasi, na siye vijana wananchi.