Kwa Nini Mataifa Huweka Vifaru Vingi?

Wanafunzi wenzangu, wako kati yetu wasemao kwamba kifaru cha vita ni chuma cha fahari tu, na kwamba serikali yenye busara ingeuza vifaru vyake vyote ikajenga mabweni na zahanati. Wako na wengine ambao, waonapo vifaru vikipita mbele ya jukwaa siku ya sikukuu, hupiga makofi na kudhani kwamba kadiri vinavyozidi ndivyo nchi izidivyo kuwa salama. Mimi naona pande zote mbili zimekosea.

Kwanza yafaa tukijue chombo chenyewe. Waingereza ndio waliotumia vifaru vitani mara ya kwanza, tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya mto Somme huko Ufaransa. Vilipokuwa vikiundwa viliitwa matangi, ili adui adhani ni vyombo vya kutilia maji, na jina hilo limebaki katika Kiingereza hata leo. Waswahili hatukudanganyika. Tuliona ngozi ngumu, uzito, na tabia ya kukimbilia mbele, tukakiita kifaru.

Basi kwa nini viwe vingi? Sababu ya kwanza ni kwamba vita hula vifaru kama moto ulavyo makuti. Oktoba 1973, Israeli ilipopigana na Misri na Syria, vifaru zaidi ya 2,000 viliharibiwa kwa muda usiotimia wiki tatu. Sababu ya pili ni kwamba kifaru huchakaa hata bila vita: minyororo hulika, injini hufa, na vipuri hukosekana. Nchi yenye vifaru 100 haina vifaru 100 vilivyo tayari kwenda. Sababu ya tatu ni hofu. Jirani akinunua kumi, nawe wataka kumi na tano, naye akisikia hutaka ishirini. Hofu hiyo ilifika mbali hata mwaka 1990 mataifa ya Ulaya ya magharibi na ya mashariki, pamoja na Marekani, yalipopatana kupunguza silaha, kila upande uliruhusiwa kubaki na vifaru 20,000. Na huko kulikuwa ndiko kupunguza!

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli iitwayo Faina, wakakuta ndani yake vifaru 33 vya aina ya T-72. Meli ilipoachiwa, Februari 2009, iliteremsha shehena yake Mombasa, bandari ya pwani hii hii yetu.

Lakini kwetu sisi mfano mkubwa ni vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaiteka nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Hapo ndipo ilipoonekana faida ya kuwa na silaha kabla ya haja. Vifaru vyetu, vilivyotoka China, havingeweza kununuliwa asubuhi vikapigana jioni. Tena ilionekana kwamba kifaru peke yake si kitu, maana bila daraja hakivuki, na bila mafuta hakiendi.

Ushahidi mwingine ni Lukaya, Uganda, Machi 1979. Walibya walikuja kumsaidia Amin na vifaru na makombora, na siku ya kwanza askari wetu walirudishwa nyuma. Lakini barabara ya hapo hupita katikati ya kinamasi, na kifaru hakiwezi kuogelea matopeni. Kikosi kingine cha JWTZ kilizunguka kwa miguu, kikawapiga ubavuni, nao wakakimbia. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Amin hakukosa vifaru. Alikosa watu wa kumfia.

Twaona pia vita vya Ukraine, vilivyoanza kwa uvamizi wa mwaka 2022. Huko ndege ndogo isiyo na rubani, ya bei ndogo sana, yaweza kuteketeza kifaru cha mamilioni. Warusi wamelazimika kutoa ghalani vifaru vilivyobuniwa kabla baba zetu hawajazaliwa.

Anayetaka tuuze vyote na akumbuke Bagamoyo. Mei 1889 Bushiri bin Salim alikuwa na boma la miti karibu na mji huu, na watu wake walikuwa mashujaa. Wissmann alikuja na mizinga, boma likavunjwa, na Desemba mwaka huo Bushiri alinyongwa Pangani. Ushujaa bila chombo ulishindwa.

Anayetaka tununue bila kikomo naye akumbuke kwamba baada ya vita vya Kagera wananchi waliambiwa wafunge mikanda miezi 18, na mikanda ile haikulegea upesi. Wazee wetu wasimulia mpaka leo jinsi sabuni na sukari zilivyoadimika.

Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipowaambia wananchi kwamba tutapigana, alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Kifaru ni sehemu ya uwezo tu. Sababu na nia haziuzwi katika kiwanda chochote. Kwa hiyo rai yangu ni hii: nchi yetu iwe na vifaru vya kutosha kulinda mipaka, vilivyo vizima na vyenye mafundi hodari, wala isishindane na jirani kwa hesabu. Fedha itakayosalia isomeshe mafundi hao, na wengi wao, wanafunzi wenzangu, watatoka katika madarasa kama haya yetu.