DEREVA NA CHOMBO CHAKE: Ovadraivu Iingizwe Lini, Itolewe Lini?

Barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua, Maracha na Koboko hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, imebadili mwendo wa madereva wa West Nile. Wakati wa vumbi na mashimo, dereva alishinda katika gia ya pili na ya tatu, na safari ya kilomita kama 55 baina ya Arua na Koboko ilimchosha yeye na gari lake. Leo gia za juu zinatumika, na pamoja nazo ovadraivu, kifaa ambacho madereva wengi wanacho lakini ni wachache wanaojua wakati wa kukiingiza na wakati wa kukitoa.

Ovadraivu si jambo jipya. Mhandisi Mwingereza Edgar de Normanville ndiye aliyeibuni ile iliyotengenezwa na kiwanda cha Laycock mjini Sheffield, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1948 katika gari aina ya Standard Vanguard. Baadaye ilienea katika magari ya michezo kama Triumph TR2, Austin-Healey na MGB, ambayo ilitengenezwa tangu mwaka 1962 hadi 1980. Wajapani walifuata njia nyingine: katika Datsun 240Z yenye gia tano, gia ya tano yenyewe ndiyo ovadraivu. Gari la aina hiyo ya 240Z ndilo aliloliendesha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliposhinda mashindano ya Safari mwaka 1973.

Ovadraivu ya Laycock hukaa nyuma ya giaboksi. Ndani yake mna gia ndogo zinazoizunguka gia moja ya katikati, mfano wa sayari na jua, na zote zimezungukwa na pete yenye meno. Swichi inapozimwa, sehemu hizo hufungwa pamoja na kuzunguka kama kitu kimoja. Swichi inapowashwa, nguvu ya oili huisukuma klachi yenye umbo la pia na kuishika gia ya katikati isizunguke. Hapo gia ndogo huilazimisha pete ya nje kwenda mbio kuliko giaboksi, na magurudumu hupata mwendo ule ule huku injini ikizunguka polepole zaidi.

Faida yake huonekana katika hesabu. Gari la MGB linalokwenda kilomita 80 kwa saa katika gia ya nne huzungusha injini karibu mara 2,800 kwa dakika. Ovadraivu ikiingia, mizunguko hiyo hushuka hadi karibu 2,300. Petroli inayotumika hupungua, kelele hupungua, na injini huishi maisha marefu. Kwa askari anayenunua mafuta kutoka katika mshahara wake, akiba hiyo si ndogo.

Kuingiza ni rahisi. Gari likiwa katika gia ya juu, barabara ikiwa tambarare na mwendo umekwisha kutulia, dereva huwasha swichi huku mguu ukiwa bado umekanyaga mafuta kidogo. Hakuna haja ya kukanyaga klachi. Kutoa ndiko kunakohitaji adabu. Dereva akizima swichi huku ameachia mafuta kabisa, injini iliyokuwa ikienda taratibu hulazimishwa ghafla kuzunguka kwa kasi, na gari zima hushtuka. Basi mguu ubaki juu ya mafuta wakati wa kutoa. Kwa sababu hiyo hiyo, anayetaka kulipita lori liendalo Juba hutoa ovadraivu kwanza huku akiongeza mafuta, naye hupata nguvu papo hapo. Asiingie upande wa pili wa barabara kabla ya kuipata nguvu hiyo.

Liko katazo moja lisilo na msamaha: gari lenye ovadraivu ya Laycock lisirudishwe nyuma ovadraivu ikiwa imeingia. Ndani yake mna klachi ya vipande vya mviringo inayozunguka upande mmoja tu, na kulirudisha gari katika hali hiyo huivunja. Watengenezaji waliweka swichi ya kuzuia ili kifaa kifanye kazi katika gia za juu peke yake. Fundi anayeikwepa swichi hiyo kwa kuunganisha waya moja kwa moja hamsaidii mwenye gari, amemtegea mtego.

Jambo kubwa zaidi ni usalama wa jamaa. Tuseme askari amepewa likizo, naye anatoka Arua kwenda Koboko na mke, watoto wanne, gunia la muhogo na masanduku. Njia ina miinuko na mabonde, na pembeni wapo akina mama watokao sokoni, wapanda baiskeli na pikipiki za bodaboda. Katika mwinuko, ovadraivu huinyima injini nguvu, ikaanza kugugumia na kupata moto. Katika mteremko hatari ni kubwa zaidi, kwani ovadraivu hupunguza uwezo wa injini wa kulizuia gari. Mzigo wote huangukia breki. Breki hupata moto, na breki yenye moto haishiki. Dereva mwenye busara hutoa ovadraivu juu ya kilima, kabla gari halijaanza kushuka, wala hangoji hadi alione daraja mbele yake.

Sheria hii yawahusu pia wenye magari ya Kijapani ya gia za kujiendesha. Katika mengi ya magari hayo, kwenye mkono wa gia mna kitufe kilichoandikwa O/D, na kikibonyezwa, taa ya O/D OFF huwaka katika dashibodi. Wapo waliouziwa gari bila kuelezwa maana yake, nao hudhani taa hiyo ni dalili ya ubovu. Maana yake ni kwamba ovadraivu imezimwa. Izimwe kwenye mlima, kwenye mteremko mrefu na wakati wa mzigo mzito. Irudishwe barabara inaponyooka. Anayeiacha imezimwa daima hupoteza mafuta bure.

Mama wa nyumbani naye, hata kama hashiki usukani, ana haki ya kuijua taa hiyo na kumkumbusha mwenziwe, kwa kuwa watoto walioketi nyuma ni wa wote wawili. Mwenda pole hajikwai. Na dereva anayejua lini aipumzishe injini na lini aiamuru ilizuie gari hufika Koboko salama, yeye na wote aliowachukua.