Keki ya Ghorofa Tatu na Magunia Manne ya Viazi

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wenzangu mnaokesha na kalamu mkiota siku moja jina lenu litokee kwenye jalada la kitabu, naomba leo tuweke mashairi pembeni kidogo tuzungumze habari za harusi. Msicheke. Harusi ni jambo zito kuliko siasa. Kwenye siasa unaweza kukaa nyumbani usipige kura, lakini kadi ya mchango inakufuata mpaka shambani.

Mimi ni kijana wa Ibaba, wilaya ya Ileje, huku milimani mkoa wa Songwe. Nimemaliza kidato cha nne, nalima viazi na pareto, na usiku naandika riwaya. Mwaka jana dada yangu aliolewa. Kamati ikaundwa, mwenyekiti akachaguliwa, na kabla hata ya kuulizana wageni watakula nini, tukapitisha keki ya ghorofa tatu kutoka Tunduma na waridi za kupamba meza kuu.

Mahesabu yakapigwa. Keki peke yake ilikuwa bei ya magunia manne ya viazi. Na zile waridi, kumbe wala si waridi! Ni plastiki, tena ya kukodi: unalipa leo, kesho unarudisha, na ua moja likipotea unalilipa. Fedha hazikutosha. Macho yakanigeukia mimi, kwa sababu walijua nina akiba niliyoweka ya kupeleka mswada wangu ukachapwe mjini.

Nikasimama nikasema hapana. Shangazi akanitazama kuanzia miguuni. "We mtoto, harusi bila keki ni mkutano wa kijiji." Watu wakaangua kicheko, nikakaa. Hoja zangu sikupewa nafasi ya kuzimaliza siku ile, basi nazimalizia hapa.

Najua msomaji mwerevu atasema: kumbe unatetea mfuko wako! Ndiyo, natetea. Lakini asiyetetea mfuko wake mwenyewe atatetea wa nani?

Kwanza, tujue tunaiga nini. Februari 1840, Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert. Alivaa gauni jeupe, kichwani shada la maua ya mchungwa, na keki yake ilikuwa na uzito wa paundi kama 300, yaani zaidi ya kilo 130. Sawa, yule alikuwa malkia, na hakuna kamati iliyomfuata mdogo wake kumwomba akiba. Matajiri wakamwiga malkia, wasio matajiri wakawaiga matajiri, na sisi tumesimama mwisho wa foleni. Ndiyo maana siku hizi ziko keki ambazo ghorofa za chini ni boksi tupu lililopakwa sukari. Kinacholiwa ni kile cha juu tu. Bwana harusi anakata, watu wanapiga vigelegele, na boksi linarudi kwa mwenyewe likasubiri harusi nyingine.

Pili, mimi sisemi cha kigeni ni kibaya. Hiyo ni hoja ya mvivu. Hivyo viazi ninavyolima asili yake ni milima ya Amerika Kusini. Pareto nayo ilitoka Dalmatia, kando ya bahari ya Adriatiki, ikaletwa Kenya miaka ya 1920, na leo inalimwa katika nyanda zetu za juu huku kiwanda kikiwa Mafinga. Lakini pareto tumeipanda, tumeipalilia, imetusomesha. Imeshakuwa yetu kwa jasho. Keki ya mkopo haijawa yetu, na itabaki ya mkopo hata baada ya kuliwa.

Tatu, mbadala upo, ila unahitaji akili. Wachaga wana ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa akasimamishwa mezani na majani mdomoni; maharusi wanakata nyama na kulishana kama keki. Nawavulia kofia. Lakini sasa naona watu wa mikoa mingine nao wanadai ndafu kwenye bajeti kama wanavyodai keki, eti ndiyo fasheni. Tukifika hapo tumebadilisha deni tu, tumetoa la sukari tukaweka la mbuzi.

Rafiki yangu mmoja wa Tunduma akapendekeza chikanda. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde na Zambia kwa jumla, wanaipenda sana: viazi vidogo vya okidi vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vinapikwa mpaka vinashikana, kisha unakata vipande kama keki. Nikafurahi. Ua na keki kwa mpigo mmoja! Baadaye nikatafakari. Ukichimba kiazi cha okidi, mmea ndiyo umekufa. Biashara hiyo, inayopita hapo hapo Tunduma, ilichimbua okidi za nyanda za juu kwa mamilioni, na ni mojawapo ya sababu za Kitulo, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Sitaki dada yangu aolewe kwa kung'oa bustani ya watu.

Basi tukafanyaje? Usiku ule dada mwenyewe, ambaye kamati nzima ilisahau kumuuliza, alimwambia mama kwamba keki anayoitaka ni ule mkate wa unga wa mahindi na ndizi mbivu, unaookwa kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ndio tuliokua nao. Mama alioka minne, mikubwa. Maua tulichuma shambani kwetu alfajiri, pareto nyeupe zenye moyo wa njano, ndoo mbili, tukazifunga kwa majani ya mgomba. Baba mdogo akatania kwamba leo nzi hawatasogea mezani. Nzi walikuja kama kawaida, lakini watu walicheka vizuri.

Sitawadanganya kwamba kila mtu aliridhika. Shangazi alinuna mpaka jioni. Wapo walioondoka wakisema familia ile imefulia. Ila mkate uliisha wote, hata makombo, na Jumatatu hakuna mtu aliyekuja kugonga mlango akidai chake.

Sasa narudi kwenu, waandishi wenzangu, maana hii ndiyo sababu ya kuandika. Niliporudi kwenye mswada wangu nikakuta sura ya mwisho ina harusi. Na kuna nini? Keki ya ghorofa tatu na waridi nyekundu! Mimi niliyesimama mbele ya kamati nikakataa, kwenye karatasi nilikuwa nimeshaipitisha zamani. Nimeishi Ibaba maisha yangu yote, na mhusika wangu anaolewa kwenye sinema.

Kezilahabi alipoandika Rosa Mistika (1971) aliianzia Namagondo, kijijini kwao Ukerewe. Hakuona aibu. Sisi tunaona aibu ya nini? Kamati ya harusi inaazima keki, na sisi tunaazima harusi nzima, halafu tunashangaa wasomaji wanasema riwaya zetu hazina ladha.

Sura ile nimeichana. Naiandika upya, na safari hii naanza na ndoo mbili za pareto na shangazi aliyenuna. Nawaomba nanyi mfungue miswada yenu usiku huu, mtafute keki za boksi, mzitoe.

Naomba kutoa hoja.