Bei ya Pilipili Huanzia Kitaluni

Mkulima akipunjwa bei ya pilipili kichaa, lawama zote humwendea dalali. Dalali ana yake, hatumtetei. Lakini gunia lenye ndefu kwa fupi, kali kwa zilizopoa, halikuchanganywa sokoni. Lilichanganywa kwenye mbegu.

Wengi hukamua mbegu za pilipili walizonunua gengeni, bila kujua mmea mama ulikuwa jirani na nini. Wadudu hubeba chavua kutoka aina moja hadi nyingine. Tunda la msimu huo halionyeshi kitu; mchanganyiko hujitokeza msimu unaofuata, mbolea na vibarua vikiwa vimekwisha kulipiwa. Mbegu chotara ya dukani nayo, ukiirudia, kila mche hutoka na tabia yake.

Anayetaka mbegu yake mwenyewe achague mimea bora katikati ya shamba la aina moja, aache matunda yaive mekundu kabisa, kisha akaushe mbegu kivulini. Kitaluni awe na subira: kuota huchukua wiki 1 hadi 3, na miche huhamishwa ikiwa na wiki 6 hadi 8. (Wapo wanaopindua tuta siku ya 10!)

Wanunuzi nao, wanaodai mzigo wa aina moja, waache kulipa bei ile ile kwa gunia safi na la mchanganyiko. Aliyetunza mbegu akilipwa sawa na jirani yake, msimu ujao atarudi gengeni.