Futikamba Ilikuwa Miguuni Pake



Wiki tatu zilizopita niliona jambo ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi hapa Korogwe. Wazazi tulichangishana miezi mitano ili darasa la sita liwekwe sakafu ya saruji, watoto waondokane na vumbi na funza. Siku hiyo fundi alikuja kupima, na ikasadifu kwamba kipindi kilikuwa cha hisabati, mada ni eneo. Mwalimu alitukaribisha kwa furaha, akawageukia watoto: "Eneo la mstatili?" Watoto zaidi ya themanini wakaitika hadi bati likatetemeka: "Urefu mara upana!" Akarudia, wakaitika tena. Sisi wazazi tuliosimama mlangoni tukapiga makofi.

Fundi naye akafurahi. Akaitupa futikamba yake chini, mbele ya kijana wa dawati la kwanza, akasema, "Haya wanangu, nisaidieni kazi. Chumba hiki kina mita za mraba ngapi?"

Kimya. Walitazamana, wakatazama ubao, wakamtazama mwalimu. Mwishowe yule kijana akasimama kwa adabu akasema, "Hatujapewa urefu na upana."

Futikamba ilikuwa miguuni pake.

Nyuma kabisa, binti mmoja akanyoosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, na pale penye jukwaa la ubao tutapatoa? Maana pale saruji ipo tayari." Mwalimu, ambaye aibu ilikuwa imeshampanda, akamjibu, "Kaa chini, hilo halipo kwenye mtihani." Darasa zima likacheka. Nasi watu wazima tukacheka. Fundi pekee hakucheka. Alipima mwenyewe: mita 8 kwa mita 6, jumla 48, akatoa mita 3 za mraba za jukwaa, akabaki na 45, ndizo alizotupigia bei ya saruji na mchanga. Alipokuwa akikunja futikamba yake aliniinamia akasema polepole, "Mama, humu ndani fundi ni yule binti."

Sikuandika haya ili kumwandama mwalimu yule. Sababu tunazijua sote: madarasa yamefurika, walimu hawatoshi, vitabu vinagombewa, mtihani kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua herufi, na afisa elimu akija huuliza wastani wa shule kabla hata hajaketi. Hayo yamesemwa mpaka yamechuja. Ninachotaka tukiangalie leo ni makofi yetu. Tuliposikia watoto wakiimba tulipiga makofi, na mtoto mmoja alipofikiri tulimcheka. Mtoto wa miaka kumi na miwili akishaliona hilo mara moja, ameshajifunza somo kubwa kuliko eneo la mstatili: kwamba shuleni kuimba kunalipa na kufikiri kunaaibisha.

Wanaochunguza namna watoto wanavyojifunza, tangu enzi za Jean Piaget wa Uswisi, wamekuwa wakitueleza kwamba mtoto hujijengea maarifa mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa kugusa, kujaribu, kukosea na kubishana na wenzake. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao juu ya watoto wachuuzi wa mjini Recife, Brazil. Pale kwenye biashara yao, wakiuza na kurudisha chenji, watoto hao walipata majibu sahihi kwa takriban asilimia 98. Hesabu za namna hiyo hiyo zilipoandikwa kwenye karatasi kama za shule, bila mteja wala bidhaa, wakapata takriban asilimia 37. Watoto walikuwa wale wale. Nenda leo stendi ya mabasi ukamtazame mtoto anayeuza maandazi na mayai ya kuchemsha anavyogawa chenji basi likiwa linaondoka. Kisha nenda kaangalie daftari lake la hisabati. Utalia.

Wala hatuna haja ya kwenda Brazil. Juu ya milima hii hii ya Usambara, mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaingiza kwenye friji. Siku moja Mpemba aliogopa kukosa nafasi, akayaingiza yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wenzake wakaokota neno hilo, wakawa wanamcheka nalo kila alipokosea. Shule ilipotembelewa na Dakta Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba akauliza kwa mara nyingine mbele ya shule, na wenzake wakamcheka upya. Mgeni yule hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza. Mpaka leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya jambo hilo, na wanaliita kwa jina la Mpemba.

Fikirini, ndugu zangu. Swali ambalo dunia nzima inalijadili lilitoka kwa mvulana wa shule ya Lushoto, na nchi yake ilikuwa tayari kulizika kwa kicheko. Mpemba alikuwa na moyo wa chuma. Aliuliza mara tatu. Binti yetu wa dawati la nyuma aliuliza mara moja, akanyamaza. Je, tumezika maswali mangapi tangu mwaka 1963 hadi leo?

Na mwenye kusema kwamba hatukuonywa anajidanganya. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba mitihani yetu inapima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa yanapodaiwa, wala haipimi uwezo wa kufikiri. Mwaka 2005 tukaandika mtaala wa sekondari unaotaka umahiri, tukaendelea kufundisha kwa kunakilisha ubaoni. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa 6 katika kila 10 walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi ikapiga kelele, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya, kelele zikaisha. Sasa tuna Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, nao unazungumzia umahiri katika kila ukurasa. Ni mtaala mzuri. Lakini mtaala ni karatasi, na karatasi haijawahi kumkemea mtu mzima anayemcheka mtoto.

Kwa hiyo nawaombeni tusimame. Nitataja ninayoona yanawezekana, mengine kesho asubuhi, mengine kwa jasho la miaka.

Kwanza, tubadili swali la jioni. Mtoto akirudi, tunauliza, "Umekuwa wa ngapi?" Tangu leo tuulize, "Umejuaje?" Akikuambia lita moja ni mililita elfu moja, mpe chupa ya maji na kikombe cha chai akuonyeshe vinaingia vingapi. Akikuambia mmea unakunywa maji kwa mizizi, mwambie ang'oe gugu nyuma ya nyumba alichunguze. Huhitaji kuwa umefika kidato cha sita. Unahitaji dakika kumi na simu uiweke pembeni. Ila tahadhari: usimfanyie. Majirani zetu wa Kenya walianza mtaala wao wa umilisi mwaka 2017, na wazazi wengi huko wamelalamika kwamba kazi za mikono za watoto zinaishia mezani kwa baba na mama usiku wa manane. Kazi aliyoifanya mzazi imemfundisha mzazi.

Pili, kamati za shule zifungue milango. Kila mtaa una walimu wasio na chaki. Mwiteni fundi seremala aonyeshe pembe mraba inavyopatikana kwa kamba yenye vipimo vya 3, 4 na 5. Mwiteni mama lishe awaeleze anavyogawa kilo za mchele kwa sahani ili asile hasara. Hapa Korogwe tuna mashamba ya mkonge. Wapelekeni watoto wakahesabu mistari, wapime nafasi kati ya mche na mche, wakadirie shamba lina miche mingapi, kisha wagombane kwa nini majibu yao yamepishana. Siku moja kwa mwezi inatosha kuanzia. Gharama yake ni chai ya wageni.

Tatu, fimbo isiguse jibu lililokosewa. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinataja adhabu ya viboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, tena kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha. Kukosea hesabu kumeingiaje humo? Mtoto anayechapwa kwa kukosea hujifunza kunakili kwa jirani. Walimu wangu, nawaombeni kipindi kimoja tu kwa wiki: mwenye jibu lililokosewa aitwe ubaoni kwa heshima, aeleze alifikaje pale, na wenzake wamsaidie kuona njia ilipopinda. Kipindi kimoja. Mkiona hakifai, kiacheni.

Nne, tubandue orodha za nafasi kwenye kuta. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Kama Baraza limeweza, shule yetu inashindwaje? Pale kwetu kuna karatasi imebandikwa mlangoni mwa ofisi, na jina la mwisho limeandikwa kwa wino mwekundu. Mtoto huyo anapita pale kila siku akienda kuchota maji.

Tano, tuache kuchangia makambi ya kukaririsha. Tunatoa mahindi, maharage na fedha ili watoto wakeshe wakimeza majibu ya mitihani ya miaka iliyopita. Tuseme hapana kwa pamoja, kwani mzazi mmoja akisema peke yake ataambiwa hampendi mwanawe.

Na nyinyi mnaotunga mitihani, mnaopanga walimu, mnaogawa bajeti: mnajua mnachopaswa kufanya kuliko mimi. Pimeni kuelewa. Wekeni maswali yanayomtaka mtoto aeleze sababu, na muwalipe walimu muda wa kuyasahihisha. Mtoto wetu anafikiri kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha anaingia sekondari ya kata na kunyang'anywa lugha ya kuulizia. Nalo hilo litazameni kwa macho makavu. Mwalimu hatafundisha kwa kina akiwa na watoto themanini na hofu moyoni. Mwondoleeni hofu kwanza, madarasa yatafuata.

Najua wapo watakaoniambia, "Mama, mtihani upo Septemba, hayo ya futikamba yatasubiri." Nawajibu kwa uchungu: hayajawahi kusubiri. Daraja lililopimwa vibaya halisubiri. Dawa iliyokadiriwa vibaya na muuguzi aliyekariri haisubiri. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nasi tumejenga shule ambamo kuuliza ni utovu wa adabu, kisha tunashangaa vijana wetu wana vyeti lakini wanasubiri wapewe urefu na upana wa kila kitu maishani.

Juzi nilikwenda nyumbani kwa yule binti kumwomba msamaha. Mama yake alikuwa anatwanga. Hakujua lililotokea; binti hakumwambia. Aliniambia tu kwamba mtoto wake, ambaye tangu utotoni alikuwa akimchosha kwa maswali, siku hizi haulizi kitu. Nilikaa kwenye kigoda pale uani nikakosa la kusema.

Darasa la tano bado lina vumbi. Michango imetimia, na fundi amekubali kurudi Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Nimemwomba mwalimu mkuu, naye ameridhia, kwamba fundi asipime. Watoto wa darasa la sita ndio watakaopima, makundi kwa makundi, na fundi hatanunua mfuko hata mmoja wa saruji mpaka makundi yakubaliane. Yule binti nimemwomba ashike ncha ya kwanza ya futikamba. Hajanijibu bado. Wazazi wenzangu, nawasihi mje. Simameni mlangoni kama mlivyosimama siku ile, na mtoto akiuliza swali msilolitegemea, nyamazeni mumsikilize mpaka mwisho.