Lugha Katika Filamu Tano za Oscar za Mwaka 2023: Mtazamo Kutoka Mwambao wa Tanga

Tarehe 24 Januari 2023 Akademia ya filamu ya Marekani ilitangaza filamu tano zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kimataifa. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999 na iliyopelekwa na Tanzania kushindana, haikuwamo. Kuwalaumu waamuzi ni jambo jepesi. Lenye manufaa zaidi kwa wanaisimu ni kuzitazama zile tano zilizopita, na kuuliza kila moja imeitendea nini lugha yake.

Swali hilo si la kubuni, kwani tuzo hii kwa hakika ni tuzo ya lugha. Hadi Aprili 2019 iliitwa tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni. Neno "kigeni" likaondolewa, lakini sharti likabaki palepale: zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe katika lugha isiyokuwa Kiingereza. Novemba mwaka huohuo Lionheart ya Nijeria ilienguliwa kwa kuwa Kiigbo kilisikika ndani yake kwa dakika 11 tu. Taifa ambalo Kiingereza ndicho kiunganishi cha makabila yake likaambiwa, kwa lugha ya kanuni, kwamba usemi wake wa kila siku si wa kimataifa.

Filamu ya Ujerumani, Im Westen nichts Neues, ndiyo iliyotwaa tuzo tarehe 12 Machi 2023. Jambo moja lastahili kusifiwa: riwaya ya Remarque ya mwaka 1929 ilipata umaarufu wake wa sinema kwa Kiingereza, kupitia filamu ya Hollywood ya mwaka 1930, na ikangoja zaidi ya miaka 90 ndipo askari wake wakasikika katika filamu wakisema Kijerumani. Hata hivyo mwongozaji Edward Berger ameiondoa sehemu ambayo, kwa jicho la mwanalugha, ndiyo moyo wa kitabu. Katika riwaya, kijana Paul anarudi nyumbani kwa likizo na kugundua kwamba hana maneno ya kuwasimulia watu wa kwao aliyoyaona. Vita vimemnyang'anya lugha. Mahali pa sehemu hiyo filamu imeweka meza ya wakubwa wanaojadili kusitisha vita, na tope likaachiwa kazi ambayo kimya cha Paul kingeifanya vizuri zaidi.

Mtazamaji wa Tanga ana sababu yake ya kuiona filamu hiyo kuwa na pengo. Vita hivyo hivyo vilipigwa mlangoni kwake, kuanzia Ras Kasone hadi ndani ya mji, tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, liliposhindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu wapatao 1,000. Masimulizi ya nyuki waliowavamia wapiganaji yangali yakirudiwa. Lisilokumbukwa sana ni kwamba walio wengi katika kikosi hicho cha Wajerumani walikuwa askari Waafrika, na kwamba Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Utawala wa Kijerumani ulikuwa umekifanya kuwa lugha ya ofisi, na shule ya serikali ya Tanga ilikuwa ikichapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, miaka kadhaa kabla ya vita. Vita vya Wazungu, basi, vilikuwa na sauti ya Kiswahili, nayo bado haijasikika katika filamu ya kiwango hicho.

Argentina, 1985 ya Santiago Mitre ni filamu ya mahakama, na uzuri wake umo katika kuuacha Kihispania cha Buenos Aires kiwe kama kilivyo, pamoja na namna yake ya pekee ya kusema "wewe". Close ya Lukas Dhont kutoka Ubelgiji ina huzuni ya kweli, lakini lugha ndani yake ni chombo tu. Kuhusu EO ya Jerzy Skolimowski, ambayo mhusika wake mkuu ni punda, inatosha kusema kwamba mtazamaji wa Lamu angekuwa na mengi ya kuieleza kuliko mwamuzi yeyote wa Los Angeles.

Iliyostahili kushinda ni ya tano, An Cailín Ciúin, yaani msichana mkimya, ya Colm Bairéad. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kiayalandi kuteuliwa kuwania tuzo hiyo. Hadithi yake iliandikwa na Claire Keegan kwa Kiingereza. Mwongozaji akaihamishia katika lugha ambayo Waayalandi wengi hawaitumii nyumbani. Uhamisho huo haukuwa pambo. Baba wa msichana anasema Kiingereza, na ubaridi wake unasikika kabla hata maana ya maneno yake haijafahamika. Jamaa wanaomlea mtoto wanasema naye Kiayalandi. Mwishoni neno moja tu, la kumwita baba, linabeba maana mbili, kwa kuwa mtazamaji hana hakika ni nani kati ya wanaume wawili anayeitwa. Uchaguzi wa lugha umekuwa sehemu ya msuko. Ikumbukwe pia kwamba filamu hiyo ilifadhiliwa na Cine4, mpango wa vyombo vya umma ulioanzishwa makusudi kwa ajili ya filamu za Kiayalandi.

Hapa ndipo fundisho linapoelekea mwambao. Vuta N'Kuvute ilikuwa na bahati ya riwaya yenye Kiunguja hai cha watu wa Zanzibar. Lakini Mrima nao je? W. H. Whiteley alichapisha uchunguzi wake wa Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, mwaka 1956. Tangu hapo filamu nyingi za Kitanzania zimeshika Kiswahili cha Dar es Salaam, hata mhusika anapokuwa mvuvi wa Tongoni au mwanamke wa Pangani. Mwigizaji huvalishwa kanga na kupewa ngalawa, kisha hufunguliwa kinywa na kutoka Kariakoo.

Wako watakaosema kwamba lahaja itamchanganya mtazamaji wa bara. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa soko liko bara. Lakini tafsiri inayoandikwa chini ya picha kwa ajili ya Mmarekani yaweza kuandikwa pia kwa Kiswahili sanifu kwa ajili ya mtu wa Tabora. Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa filamu wa kikoloni wa mwaka 1935 hadi 1937 ulirekodi maelezo ya filamu zake katika santuri, lugha mbalimbali kwa picha zilezile. Mitambo ile ilikuwa duni, na nia ya waliouendesha ilikuwa kumfunza Mwafrika wanayotaka wao. Hata hivyo tatizo la lugha nyingi kwa filamu moja walilikabili, umbali mfupi tu kutoka Tanga. Anayetaka kuandika mswada wa Novemba 1914 atalazimika kuanza na jambo dogo: askari wa Kimanyema na mwenyeji wa Ras Kasone walipokutana njiani asubuhi ile, walisemezana Kiswahili kipi?