NONDO HAZIPASHWI MOTO

Katika majengo yanayoinuka mijini mwetu lipo jambo ambalo sisi hatuwezi kulinyamazia. Nondo ikiwa nene na mikono imechoka, huwashwa moto, chuma kikapashwa mpaka kiwe chekundu, kisha kikakunjwa bila taabu. Msimamizi hufurahi kwa kuwa kazi imekwenda mbio.

Hatuwalaumu ndugu zetu mafundi nondo, maana ni wachache walioelezwa nguvu ya chuma kile yatoka wapi. Nondo nyingi za leo hazipati nguvu kwa mchanganyiko wa madini peke yake. Kiwandani, kipande kizito cha chuma hupashwa moto kupita digrii 1,000, hukandamizwa baina ya rola hata kiwe chembamba na kirefu, na papo hapo, kingali chekundu, hupitishwa katika maji ya kasi. Ganda la nje hupoa ghafula likawa gumu mno. Lakini moyo wa ndani ungali na moto, na moto ule hurudi nje ukalilainisha ganda kidogo, lisije likavunjika kama kioo. Hivyo nondo huwa na ganda la kubeba mzigo na moyo wa kukubali kukunjika. Mhunzi azamishaye shoka majini hashangazwi na habari hizi.

Basi ule moto wa makaa pale kazini huibatilisha kazi yote ya kiwanda. Chuma kinachowaka kwa wekundu kimekwisha kupita digrii 500, na kikipoa polepole hewani ganda lake limelegea. Kwa macho nondo ni ile ile. Zege ikimwagwa, hakuna atakayejua.

Atakaye ushahidi na autazame waya mweusi wa kufungia nondo. Waya huo ulivutwa ukiwa baridi, ukawa mkakamavu. Kisha ukapashwa moto makusudi ili ulegee, ufungike kwa koleo bila kukatika. Fundi yule yule anavyo vyote viwili mkononi!

Twawataka wakandarasi walete mashine za kukunjia, na nondo zikunjwe baridi kuzunguka pini ya unene upasao, kwani kona kali mno nayo hukipasua chuma. Na kibarua akikataa kuwasha moto, asifukuzwe kazi. Viongozi wa wafanyakazi wasimame naye siku hiyo hiyo.